Chumvi, Kijiko na Neno: Kiswahili katika Afya ya Watoto na Wazee Mtaani Parklands

Parklands ni miongoni mwa mitaa ya Nairobi iliyojaliwa hospitali. Hospitali ya Aga Khan imekuwa hapo tangu mwaka 1958, Hospitali ya M.P. Shah ipo Shivachi Road, na Hospitali ya Avenue haiko mbali nazo. Mgeni anayepita chini ya miti mikubwa ya barabara hizo huenda akadhani kwamba afya ya wakazi wa huko si jambo la kumnyima mtu usingizi. Hata hivyo, upande wa Highridge kuna mtaa wa mabanda uitwao Deep Sea, na kila alfajiri Parklands hupokea umati wa walinzi, yaya, wapishi na wachuuzi kutoka Kangemi na mitaa mingineyo ya kipato cha chini. Kwa watu hawa, kuishi au kufanya kazi ng'ambo ya ukuta wa hospitali si sawa na kutibiwa ndani ya ukuta huo. Mtoto wa Deep Sea akianza kuharisha saa nane za usiku, kitakachoamua hatima yake kabla ya jua kuchomoza ni maji, sukari, chumvi na maarifa aliyo nayo mama.

Makala haya yanafafanua baadhi ya hatua za kiafya zisizogharimu fedha nyingi ambazo hutekelezwa nyumbani na mitaani kwa manufaa ya makundi mawili yaliyo dhaifu zaidi, yaani watoto wa chini ya miaka mitano na wazee. Jambo hili linafaa kujadiliwa katika jarida la Kiswahili kwa sababu moja kuu: hatua hizi, kwa sehemu kubwa, zimeundwa kwa maneno. Sindano humwingia mgonjwa hata kama hajui jina la dawa iliyomo. Maji ya chumvi na sukari, kwa upande mwingine, hayawezi kutengenezwa sawasawa na mtu asiyeelewa ni kijiko kipi kilichokusudiwa.

Kutoka Moto wa 1902 hadi Afya Nyumbani

Wanafunzi wengi hupita mbele ya shule ya Dkt. Ribeiro iliyopo Parklands bila kuuliza Ribeiro alikuwa nani. Rosendo Ribeiro alikuwa daktari Mgoa aliyefika Nairobi mwaka 1900, akasifika kwa kuwazungukia wagonjwa wake juu ya mgongo wa punda milia aliyemfunza mwenyewe. Mwaka 1902 ndiye aliyetambua tauni miongoni mwa wagonjwa wake. Jibu la wakuu wa serikali ya kikoloni lilikuwa kuamuru Soko la Wahindi litiwe moto. Hivyo ndivyo afya ya umma ilivyoingia Nairobi: kama amri, tena amri ya kiberiti. Wakazi hawakuelezwa jambo wala kuulizwa neno, bali waliondolewa tu. Inafaa kukumbuka kisa hiki kila tunaposikia afisa akilalamika kwamba watu wa mitaa ya mabanda huwa na shaka na wageni wanaokuja na madaftari.

Fikra tofauti ilipata sauti rasmi katika mkutano wa Alma-Ata mwaka 1978, ambako mataifa yalikubaliana kwamba afya ya msingi ianzie pale watu wanapoishi, nao washiriki katika kuipanga. Nchini Kenya, fikra hiyo ilijaribiwa kwa namna mbalimbali hadi mwaka 2006, Wizara ya Afya ilipotoa mkakati wa afya ya jamii ulioifanya nyumba kuwa ngazi ya kwanza ya mfumo mzima wa tiba, chini ya zahanati na kituo cha afya. Watu wa kujitolea walichaguliwa na majirani zao wakapewa nyumba za kuzuru. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa malipo haba au bila malipo kabisa, na si ajabu kwamba wengi walichoka njiani. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru, serikali ilizindua mpango ulioitwa Afya Nyumbani na kuwakabidhi vifaa wahudumu wapatao 100,000 kote nchini. Kila mmoja alitarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi iligawanywa baina ya serikali kuu na kaunti. Mkoba wao ulikuwa na kipimajoto, mizani, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, kipimo cha shinikizo la damu na kile cha sukari. Mwezi uliofuata, Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 iliwapa nafasi katika sheria za nchi.

Jina lao nalo lina kisa. Waliitwa kwanza wahudumu, kisha watu wa kujitolea, na sasa wanaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii. Mhudumu hutenda ilhali mhamasishaji husema. Wanaosikia tofauti hiyo vyema zaidi ni wakazi wenyewe, ambao hadi leo huwaita kwa kifupi "daktari wetu", cheo ambacho serikali haikukusudia kuwapa na ambacho huwaletea wahusika lawama pale dawa zinapokosekana.

Aidha, ni vyema kutambua desturi moja ya serikali zetu. Mipango inayowagusa maskini hupewa majina ya Kiswahili: Malezi Bora, Linda Mama, Inua Jamii, Afya Nyumbani. Majina yenyewe ni matamu na hukumbukwa kwa urahisi. Lakini mkakati wa mwaka 2006 uliandikwa kwa Kiingereza, sheria ya mwaka 2023 vilevile, na kazi ya kutafsiri huachiwa mhamasishaji mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni huku mtoto akilia. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoifahamu. Kati ya maandishi hayo na mlango wa banda pana pengo, na pengo hilo huzibwa na mtu mmoja asiyewahi kupewa hata faharasa.

Kijiko Kipi?

Chukua mfano wa maji ya chumvi na sukari. Historia yake inajulikana: mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika India na kushikwa na kipindupindu, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari. Ndugu wa wagonjwa ndio walioushika mtungi na kikombe. Vifo katika kambi hiyo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet lilikadiria kwamba huenda ugunduzi wa jinsi sukari inavyosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji ndio uliokuwa muhimu kuliko yote ya kitabibu katika karne hiyo. Tangu mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto apewe pia tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14, kwani hupunguza ukali wa kuharisha na uwezekano wa kurudia.

Paketi ya dawa hiyo ni ya bei nafuu, nayo ndiyo inayopendekezwa kwanza. Isipopatikana, kanuni ya nyumbani ni hii: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na vijiko vyote viwe vimesawazishwa. Ni sentensi moja tu, lakini ina mitego kadhaa kwa msikilizaji wa Kiswahili. Kwanza, neno "kijiko" lenyewe. Katika nyumba nyingi za Nairobi, kijiko ni kile cha kulia wali, na cha chai huitwa "kijiko kidogo". Pili, "kilichosawazishwa" ni istilahi ya karatasini. Jikoni watu hutofautisha kijiko kilichojaa na kijiko "cha kufuta", yaani kilichopitishiwa kisu au kidole juu yake. Tatu, lita. Chupa za soda zilizozagaa nyumbani huwa za nusu lita, za lita moja au za lita mbili. Paketi za madukani nazo, nyingine huchanganywa na nusu lita na nyingine na lita nzima. Anayekosea kwa upande wa chumvi anaweza kumdhuru mtoto vibaya, kwani chumvi ikizidi katika damu huathiri ubongo. Anayekosea kwa upande wa sukari huongeza kuharisha badala ya kukupunguza.

Mhamasishaji mwenye busara hasomi kanuni. Huomba aletewe kijiko cha nyumba hiyo na chupa ya nyumba hiyo, akapima mbele ya mama, kisha akamwomba mama apime mbele yake. Huo ndio ufundishaji, na walimu wa lugha wanaujua kwa jina jingine: kuhakikisha kwamba ujumbe umefika kwa kuusikia ukirudi.

Lipo pia tatizo la staha. "Kuhara" huonekana neno zito mbele ya wakwe au mwajiri, "kuharisha" ni la vitabuni, na Mnairobi wa kawaida husema mtoto "anaendesha" au "ana tumbo". Neno "tumbo" hufunika kila kitu, kuanzia njaa hadi kipindupindu. Vilevile, imeenea imani kwamba mtoto anayeharisha anyimwe maji ili tumbo likauke. Kiswahili kinaipa imani hiyo nguvu bila kukusudia, maana kitenzi "kukausha" kinaelekea kabisa upande huo. Ndiyo maana ujumbe unaofaulu ni ule unaosema kwamba mtoto "anapoteza maji" na maji hayo "yanarudishwa": robo kikombe hadi nusu kikombe kila baada ya choo cha majimaji kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kidogo kidogo. Dalili za hatari hutajwa kwa viungo vinavyoonekana: macho yaliyodidimia, kulia bila machozi, ngozi ya tumbo inayokawia kurudi ikifinywa. Utosi uliodidimia huhitaji uangalifu wa pekee, kwani katika baadhi ya jamii huhesabiwa kuwa ugonjwa unaojitegemea, wenye waganga wake, badala ya kuwa ishara ya mwili uliokosa maji.

Kuhusu kunawa mikono, hapana haja ya maelezo mengi. Itoshe kusema kwamba chombo kinachotundikwa kwenye kijiti na kuinamishwa kwa mguu ili kitiririshe maji kimepata jina zuri la "kibuyu chirizi". Anayelisikia anakwisha kukiona chombo chenyewe. Pengine wanaobuni istilahi ofisini wangejifunza mawili matatu kutoka kwa yeyote aliyelitunga.

Kifua, Rangi na Ndege

Nimonia ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi zaidi, nayo ina majina mengi: kichomi, homa ya mapafu, au kwa wengi, "kifua" tu. "Mtoto ana kifua" inaweza kumaanisha mafua, pumu, kifua kikuu au nimonia yenyewe. Hapa sayansi imelikwepa neno na kukimbilia hesabu. Mhamasishaji huhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka mno, na kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ikiwa ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa, asingojewe hadi asubuhi. Saa ya mkononi inatosha kwa kazi hiyo. Chanjo nazo zimesaidia. Ile ya nimokoki iliingizwa Kenya mwaka 2011 na ya virusi vya rota vinavyosababisha kuharisha ikafuata mwaka 2014.

Utepe wa kupimia mkono umelikwepa neno kwa njia nyingine, yaani rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya milimita 115 huangukia kwenye nyekundu, kati ya 115 na 125 ni manjano, na zaidi ya hapo ni kijani. Kila aliyewahi kuvuka barabara penye taa anaisoma lugha hiyo. Neno lililopo, "utapiamlo", huzua fedheha, kwa kuwa mama hulisikia kama tuhuma kwamba anamnyima mwanawe chakula. Katika jamii za Mijikenda pwani hali ni nzito zaidi, maana kudhoofika kwa mtoto huweza kuitwa "chirwa" na kuhusishwa na uzinzi wa wazazi. Mama anayehofia jina hilo atamficha mtoto ndani hadi hali iwe mbaya. Rangi haimtuhumu mtu.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa neno linaloweza kuua ni "degedege". Kwa daktari, degedege ni mtukutiko wa mwili unaoletwa na homa kali, mara nyingi malaria kali. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990, waligundua kwamba wazazi wengi walilichukulia degedege kuwa ugonjwa tofauti na malaria, unaohusishwa na ndege au na pepo, na unaostahili mganga kabla ya hospitali. Kosa halikuwa ujinga wa wazazi. Neno lenyewe lilibeba maelezo ya chanzo ndani yake, na maelezo hayo yalionyesha njia ya kwenda kwa mganga. Kampeni iliyokuja na neno "malaria" pekee ilimpita mzazi kando, kwani yeye hakuona malaria, aliona degedege. Tiba ya malaria ilipobadilishwa nchini humo na kuwa mchanganyiko wa dawa mbili, wahusika walitumia jikoni kama walivyotumia maabara: wakaiita "dawa mseto". Mpishi yeyote wa wali na choroko alielewa mara moja.

Ni bayana kwamba mabadiliko yametokea. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Kenya vilikuwa 115 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2003. Vilishuka hadi 52 mwaka 2014, kisha 41 mwaka 2022. Chanjo, vyandarua, elimu ya wanawake na hali ya maisha vyote vimechangia, na haitakuwa haki kuyapa maneno sifa yote. Hali kadhalika, wastani wa taifa huficha mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mitaa ya Korogocho na Viwandani ulionyesha kwamba ni takriban asilimia 2 tu ya watoto walionyonya maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Sababu zake si siri kwa anayewajua akina mama wa vibarua. Anayerudi kazini wiki chache baada ya kujifungua hawezi kunyonyesha akiwa upande wa pili wa jiji, hata akihamasishwa kwa Kiswahili fasaha kiasi gani.

Waliokula Chumvi Nyingi

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi nchini Kenya. Mipango ya afya ya jamii, hata hivyo, ilizaliwa kwa ajili ya mama na mtoto, na mzee aliingizwa baadaye, kama mgeni aliyeongezewa kiti wakati watu wameshaanza kula.

Chumvi ile ile inayomwokoa mtoto anayeharisha ndiyo anayoambiwa mzee aipunguze. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa iliyomo katika mkate, supu na vyakula vya paketi. Sasa, Kiswahili kinamwitaje mtu aliyeishi miaka mingi na kupata hekima? Mtu aliyekula chumvi nyingi. Mhamasishaji kijana anayeingia kwa mzee na kumwambia "mzee, wewe unakula chumvi nyingi" ametamka sifa na lawama kwa pumzi moja. Mzee akicheka, basi mlango umefunguka. Asipocheka, kijana ataonekana ametumwa kumfundisha mkubwa wake ukubwa. Wahamasishaji wazoefu huanza na mpishi wa nyumba, humsalimu mzee kwa shikamoo au kwa salamu ya lugha yake, na humwita Shosho au Guka kabla ya kukitoa kipimo mkobani.

"Presha" nayo ina mizizi mirefu. Neno la kitaalamu ni shinikizo la damu, lakini mtaani ni presha, na presha mtaani ni hisia. "Usinipandishe presha" husemwa na mwenye hasira hata kama damu yake imetulia. Kutokana na matumizi hayo, mgonjwa huamini kwamba presha ikipanda ataisikia: moyo utamwenda mbio, kichwa kitamgonga. Asipoisikia, huacha dawa. Lakini shinikizo lililofika 140 kwa 90 au kulipita laweza kukaa mwilini miaka bila kumtaabisha mtu, kisha likampiga siku moja. Ujumbe mmoja wenye thamani kuliko vipeperushi vingi ni kwamba presha ya mwili na presha ya moyo ni mbili tofauti, na ya kwanza hupimwa, haisikiki. Vivyo hivyo kwa "sukari": mzee anayesema ana sukari hudhani amepona akiacha sukari ya chai, huku ugali, viazi na chapati vikiendelea kama kawaida.

Matokeo ya shinikizo lisilotibiwa mara nyingi ni kiharusi, na hapa tunakutana tena na ndugu yake degedege. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 nchini Tanzania ulionyesha kwamba wakazi wengi wa Dar es Salaam walihusisha kiharusi na mashetani au uchawi, ilhali wale wa wilaya ya Hai walielekea zaidi kwenye sababu za kimaumbile. Linalosisimua ni kwamba mjini ndiko imani ya mashetani ilikokuwa na nguvu, kinyume cha wanavyotarajia wengi. Mwenye kudhani Nairobi imesalimika kwa kuwa ina majumba marefu na afikirie tena. Dalili zinazofaa kufundishwa ni tatu, na Kiswahili kinazitaja vizuri bila msaada wa Kiingereza: uso umepinda, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito. Mojawapo ikitokea ghafla, saa ndiyo dawa.

Mengine ni ya gharama ndogo mno. Mzee anayesimama na kuketi kitini mara kadhaa kila siku, bila kujishika ikiwa anaweza na mtu akiwa karibu, huimarisha mapaja na kupunguza hatari ya kuanguka. Taa katika njia ya kwenda msalani na mkeka usioteleza ni kinga tosha za nyonga. Fedha taslimu nazo ni dawa. Inua Jamii, iliyopanuliwa mwaka 2018 iwafikie wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, imekuwa ikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakitoshi lakini hununua tembe za presha. Zanzibar ilianza pensheni kama hiyo mwaka 2016.

Upweke ndio usiopimwa na kifaa chochote cha mkobani. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wa mitaani kukaa bencini nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye huzuni. Badala ya istilahi za hospitali, walitumia neno la Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba waliosikilizwa namna hiyo walipata nafuu kuliko wenzao. Kiswahili tayari kina neno lake. Mzee hatasema ana sonona, neno ambalo hata wanafunzi wa Kiswahili hulijua kutokana na kamusi. Atasema ana mawazo. Kinachokosekana ni benchi.

Yaya

Mtu anayeyaunganisha haya yote Parklands ni yaya. Katika nyumba nyingi za mtaa huo, zikiwemo za Wakenya wenye asili ya Kihindi waliotambuliwa mwaka 2017 kuwa kabila la 44 la nchi, ndiye anayemlisha mtoto na kumshika mkono bibi mzaa bwana kuelekea bafuni. Lugha baina yake na bibi huyo Mgujarati ni Kiswahili, Kiswahili ambacho wasanifu wangekinyoosha kwa kalamu nyekundu, lakini ndicho kinachobeba saa za dawa, maumivu ya goti na kikombe cha uji. Lugha hizi mbili zina bahati ya kuwa na neno "dawa" kwa pamoja. Hazina bahati katika neno "dada", ambalo kwa Kigujarati ni babu mzaa baba. Yaya anayeambiwa ampelekee dada chai hujifunza kwa haraka kutazama upande alipoketi mzee.

Ikiwa kuna mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, Kiswahili hiki cha nyumbani kinasubiri mtafiti. Fasihi yetu imeandika kuhusu maradhi, na riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ya mwaka 2004, ni mfano mmoja kuhusu UKIMWI. Lakini mazungumzo ya saa nne asubuhi baina ya yaya na mzee mwenye kisukari hayajapata mwandishi wala mwanaisimu wa kuyatosha.

Mpangilio wa nyumba 100 kwa kila mhamasishaji haukumtarajia mtu wa aina hii. Mhamasishaji wa Kangemi huzuru nyumba mchana, na mchana yaya yupo Parklands akiwapima homa watoto wa wengine, ilhali wake ameachwa kwa jirani au kwa dada yake mkubwa asiyetimiza miaka kumi na mitatu. Kwenye nyumba ya mwajiri hafikiwi, kwa kuwa mhamasishaji hapiti mlinzi wa lango. Kwa hiyo anayelea watoto wa nyumba mbili na mzee mmoja ndiye asiyefunzwa na yeyote. Penye wahamasishaji walioliona hilo, huwangojea yaya jioni kwenye vituo vya matatu au Jumapili baada ya ibada, na huko ndiko kijiko cha kufuta hutolewa mkobani, pamoja na chupa ya nusu lita.